Macho Yaliyongojeshwa

Mama yangu hakuwahi kuniona nikitembea. Nilipozaliwa aliniona, ndivyo alivyosema, aliona hata alama ndogo iliyo chini ya sikio langu. Kisha ukungu ukazidi, na nilipoanza kusimama alinijua kwa sauti na kwa kunipapasa kichwa. Bibi, mama yake, alipofuka vilevile. Mjomba Byaruhanga, kaka yake mama, alipofuka angali kijana, akaendelea kuchunga kwa kusikiliza ng'ombe wanavyong'oa majani. Pale kijijini kwetu Bogoro watu waliita nyumba yetu nyumba ya macho meupe, na hawakulisema jina hilo kwa kunong'ona.

Kama nawe mboni yako imeanza kuwa nyeupe, au ya mtoto wako, haya ni yako. Mambo ya vitabuni sitayaeleza, wapo waliosomea. Nitasema niliyoyapitia, na nitayasema kwa hasira. Watu wa kanisani wananiambia, Madamu Bahati, ulipona, sasa shukuru. Ninashukuru. Lakini hasira nayo ina kazi yake, na kazi yake kwangu ni hii ninayoifanya sasa.

Nilikuwa mwalimu wa darasa la pili hapa Bunia. Nilikuwa nimeolewa na Kisembo, karani wa mnunuzi mmoja wa kahawa, tukikaa mtaa wa Mudzipela katika parseli moja, uwanja mmoja, na mama yake. Kiangazi kilichofuata kuzaliwa kwa binti yetu Asimwe, nilianza kuchukia mchana. Asubuhi niliandika ubaoni vizuri. Jua likipanda na kuingia dirishani, ubao uligeuka maziwa. Siku moja darasa zima lilicheka. Niligeuka kuwakemea, mtoto mmoja wa mbele akasema kwa huruma, "Madamu, umeandika juu ya maandiko ingine."

Nilifuta. Nikaandika tena. Wakacheka tena.

Ajabu ni kwamba jioni nilikuwa mzima. Jua likishuka, vitu vilirudi mahali pake. Niliona njia, niliona nyuso, niliweza kuchambua mchele kwa mwanga hafifu ambao wenzangu walishindwa nao. Baadaye nilielezwa sababu: ule uchafu hukaa katikati ya jicho, na mwanga ukipungua mboni hufunguka, ukaona kwa pembeni. Lakini wakati ule hakukuwa na mtu wa kunieleza, na mama mkwe wangu alikuwa amekwisha kuona.

"Mutu anaona na magaribi kuliko muchana," alimwambia Kisembo, nami nikiwa hapo hapo ninapepeta. "Mu ukoo yetu hatuyaone mambo ya vile. Ni wanyama ndiyo wanaona na giza. Wanyama na wale wengine."

Kila mtu anajua wale wengine ni nani. Kisembo alisema, "Mama, acha." Alisema kwa sauti ya mtu anayemfukuza kuku.

Nilikwenda zahanati. Benchi la zahanati ile nalijua kuliko kitanda changu. Lilikuwa ubao mmoja mrefu uliolainishwa na makalio ya wagonjwa, nasi tulisogea juu yake kidogo kidogo kuelekea mlangoni, watoto wakilia, mtu akikohoa upande mmoja na mwingine akipiga miayo ya malaria upande wa pili. Nilipewa matone. Niliporudi nikapewa matone mengine. Mara ya tatu nilipewa vidonge vya damu, maana mhudumu alisema mama anayenyonyesha huona giza. Mwishowe akaishika taa, akanifungua kope kwa kidole gumba. "Citoyenne, nenda hospitali kubwa," akasema, kwa jina ambalo wanawake wote tuliitwa siku zile. "Hapa siye hatuna kitu."

Hospitali kubwa ndiko nilikokutana na Dokta wa Damu.

Jina lake silitaji. Alikuwa Mzungu, mgeni, hakuwa daktari wa pale. Alikuwa amepewa chumba kimoja mwishoni mwa ukumbi ili afanye uchunguzi wake. Nilikaa nje ya mlango asubuhi nzima, nikafunika macho kwa kitenge dhidi ya jua la uani. Alipoingiza mwanga wa mashine yake katika jicho langu, alivuta pumzi. Kisha akaniuliza kwa Kifaransa, upesi upesi: mama yako? Bibi yako? Ndugu zako? Wangapi wanaona, wangapi hawaoni?

Nilijibu. Kila nilipojibu, sauti yake ilizidi kuchangamka. Kwanza nilidhani amejua dawa. Nilichukua muda kuelewa kwamba alikuwa anafurahi. Mtu alifurahi kwa sababu bibi yangu alikufa kipofu, mama yangu kipofu, mjomba wangu kipofu, nami niko njiani.

Pale pale akachora ukoo wetu. Wanaume aliwachora visanduku vya pembe nne, wanawake duara. Aliyepofuka alimpaka wino mweusi. Nilijiona, duara dogo lililojazwa wino, na chini yangu duara lingine, tupu, la Asimwe.

"Huyu bado hatujui," alisema, akiligusa kwa ncha ya kalamu.

Alikuja Bogoro mwanzoni mwa mvua na gari lake, pamoja na mwuguzi wa kumtafsiria. Mdogo wangu Mugisa alikuwa amewakusanya watu wa ukoo kutoka kila mji. Mama alivaa kitenge chake cha kanisani. Mjomba Byaruhanga alikuwa amenyolewa. Maziwa yalitolewa, viti vikatolewa, na Kisembo alikuja pamoja na mama yake, maana naye alitaka kusikia.

Nitasema ukweli: siku ile alitueleza vizuri. Alisema ugonjwa huu hautokani na ulozi wala laana. Ni kitu kilicho ndani ya mwili, ambacho mzazi humpa mtoto bila kupenda, kama anavyompa pua yake. Mama yangu aliposikia neno lile la kwanza, kwamba si ulozi, alijifunika uso akalia kimya kimya. Maisha yake yote alikuwa ameambiwa kuna alichokifanya.

Kisha Dokta akatoa sarafu, akairusha, akaifunika kwa kiganja. Alisema kila mtoto wa mgonjwa hurushiwa sarafu yake. Upande huu, anabaki mzima. Upande ule, anaugua.

Mugisa akauliza, "Mama yetu alizaa sita. Wanne wameugua. Mbona haiko watatu?"

"Sarafu haikumbuki ilivyoanguka jana," mwuguzi akatafsiri. "Kila mara inaanza upya."

"Na damu munataka ya nini, kama munajua tayari?"

Hapo Dokta alifikiri, akamweleza mwuguzi kwa kirefu, na mwuguzi akatuelezea kwa mambo ya kwetu. Alisema: mukiona watu wawili wanapanda lori moja hapa Bogoro kwenda soko, mara moja, mutasema ni bahati tu. Mukiwaona wanapanda pamoja kila siku ya soko, mwaka mzima, mutasema hawa wanakaa jirani. Ndivyo anavyotafuta. Ndani ya damu kuna alama zinazojulikana. Kama kuna alama moja inayosafiri pamoja na huu ugonjwa, toka kwa bibi kwenda kwa mama kwenda kwa mtoto, basi atajua vinakaa jirani mwilini, na atajua nyumba ya ugonjwa iko upande gani. Lakini mutu mumoja haitoshi. Jamaa moja ndogo haitoshi. Lazima wawe wengi, wagonjwa na wazima, mpaka hesabu ikatae kabisa kwamba ni bahati.

Ilikuwa akili nzuri, siwezi kukataa, na mimi mwalimu niliipenda. Tukanyoosha mikono, wazee, wajukuu, hata walioolewa na waliooa kwetu. Asimwe alipochomwa sindano alinishika shingo akapiga kelele mpaka ng'ombe wakageuka. Macho yetu yakapigwa picha, moja moja.

Mugisa ndiye aliyeuliza lililokuwa mioyoni mwetu. "Na dawa?"

"Kwanza tujue," Dokta akajibu. "Nitarudi. Mpaka hapo, msiruhusu mtu yeyote ayaguse macho haya. Wala matone, wala mganga wa kienyeji, wala hospitali nyingine. Nayahitaji yakae kama yalivyo."

Tulimshukuru. Mama yangu aliamuru apewe mbuzi. Mbuzi yule alilia garini mpaka gari likapotea kwenye kona ya njia ya Bunia.

Tukangoja.

Mvua zikaisha, kiangazi kikaja na vumbi lake, mvua zikarudi. Mimi nikahama kutoka nusu mwanga kuingia katika maziwa matupu. Mkurugenzi wa shule alinivumilia muhula mmoja, nikifundisha kwa kukariri, kisha akaniita ofisini, akanisifu sana, na nilipotoka sikuwa tena na darasa. Miguu yangu ilijaa makovu ya ngazi, mawe na majembe. Niliungua mkono kwa sufuria ya bugali. Shingo yangu ilijizoesha kuinama upande mmoja, kama kuku anayesikiliza, na hata leo nikichoka huinama vile. Nilikoma kujua nimevaa rangi gani. Nilikoma kuangalia watu ninaposema nao, na watu, walipoona siwaangalii, wakaanza kusema juu yangu mbele yangu, kana kwamba masikio nayo yamepofuka.

Mama mkwe alikuwa amesikia maneno ya Dokta kuliko sisi sote. Mambo ya ulozi aliyaacha, alikuwa amepata neno kali zaidi.

"Nusu!" alisema. "Muzungu mwenyewe alisema, na sarafu akaturushia. Nusu ya wajukuu wangu! Kisembo, weye unataka kuzaa batoto ya kushikwa mukono? Iko wanawake mingi mu Bunia wenye macho."

Nilingoja Kisembo aseme acha. Hakusema. Alianza kulala upande wa nyumba ya mama yake. Nilipomwuliza, alijibu kwa upole uliouma kuliko kofi, "Mama Asimwe, dokta alisema nusu. Si mimi niliyesema."

Ndivyo ile hesabu ilivyotumika nyumbani kwangu. Dokta aliitoa kama mtu anayetoa kisu kizuri kuwaonyesha wageni, akakiacha mezani, akaenda zake. Hakufikiri nani atakiokota.

Asimwe akawa mtoto wa kutazamwa. Wageni wakija, walimgeuza uso kwenye mwanga kabla ya kumsalimu. Alijifunza kufumba macho kila alipobebwa na mtu asiyemjua.

Katika mvua za mara ya pili mama alishikwa na homa. Mugisa alinifuata Mudzipela, tukafika Bogoro kabla hajakata roho. Alikuwa amekaa akiegemea ukuta. Alinipapasa kichwa, akampapasa Asimwe, akauliza, "Yule dokta amerudi?"

Nilisema bado.

"Akirudi mumwambie nilimungojea," akasema. "Sikukubali mutu ayaguse."

Tulimzika na macho yake kama yalivyo, jinsi Dokta alivyotaka.

Baada ya matanga Kisembo alimchukua Asimwe, lakini mimi hakunirudisha nyumbani kwake haraka, nami sikuomba. Nilikaa kwa Mugisa, aliyekuwa amepanga chumba karibu na soko la Mudzipela. Mke wake aliniwekea mkeka mbele ya mlango, nikawa nauza karanga nilizozimenya mwenyewe. Vidole havihitaji macho kwa karanga. Kulikuwa na mama mmoja mfanyabiashara, Mama Kahindo, aliyetoka Butembo akileta maharagwe na vitunguu. Sauti yake ilijaza soko zima. Siku moja alichuchumaa mbele yangu, nikasikia pumzi yake karibu na uso wangu.

"Mama, hii macho yako iko na mutoto," alisema. "Katarakte. Wamekuambia?"

"Wameniambia."

"Sasa unakaa hapa unafanya nini?"

Nikamwambia ninamngoja daktari. Nikamweleza habari za damu, za picha, za kutoyagusa macho. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaushika mkono wangu, akaupeleka usoni pake, nikagusa miwani mizito kama vitako vya chupa.

"Unasikia hii talatala? Mie nilikuwa vile vile kama weye, naanguka mu mifereji kama mulevi. Wakanipeleka kule mu lopitali ya misioni, mu milima. Wanakata, wanatosha ile kitu inje, basi. Bibi ya umri yangu alitembea mwenyewe kurudi nyumbani. Nani alikuambia ungojee? Ungojee nini?"

Nilisimama ghafla. Nakumbuka maganda ya karanga yakimwagika toka mapajani. Haikuwa furaha. Nilikuwa nimemkumbuka mama.

Mugisa alinipeleka kwa lori la mizigo, tukikaa juu ya magunia. Ukumbi wa macho wa hospitali ile ulikuwa mrefu na wa baridi, umejaa watu wenye nyuso zilizoinuliwa kidogo, kama wote tunasubiri mvua. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, Mkongo mwenzetu, mwenye mikono yenye harufu ya sabuni. Hakuvuta pumzi aliponiangalia. Alisema tu, "Tutapasua jicho la kulia kwanza."

"Je, ugonjwa wa ukoo nao unatolewa?" nikauliza.

"Mtoto wa jicho ni mtoto wa jicho. Ukiwa wa ukoo, ukiwa wa uzee, hutolewa kwa namna moja."

"Mama yangu naye angetolewa?"

Akachukua karatasi yake. "Ana umri gani?"

"Amekufa. Kabla ya kiangazi hiki."

"Nani aliwaambia msubiri?"

Nilipomweleza, aliweka chombo chake juu ya meza ya chuma kwa kishindo. Hakusema neno baya juu ya mwenzake. Lakini kishindo kile nilikipenda. Ndiyo mara ya kwanza nilipojua kwamba hasira yangu haikuwa kukosa adabu.

Wewe unayengoja kupasuliwa, nikuambie inavyokuwa, maana uoga wa kutojua ni mbaya kuliko kisu. Unachomwa sindano karibu na jicho, inauma, unashika ukingo wa kitanda, kisha uso unakufa ganzi. Uko macho. Unasikia wanavyosemezana, unaona kivuli kinapita, unasikia kitu kinavutwa ambacho hakiumi. Kisha unafungwa macho yote mawili, unalazwa chali, mfuko wa mchanga huku na mfuko wa mchanga huku, kichwa kisitikisike. Hapo ndipo palipo pagumu. Mgongo unawaka. Huruhusiwi kukohoa, kucheka wala kulia. Nililishwa uji kwa kijiko na mama wa kitanda cha jirani, aliyekuwa amefungwa jicho moja tu. Alikosea mara nyingi, uji ukaniingia sikioni, naye akaniomba, "Usicheke, dada, utapasua jicho!" Kicheko kile nilichokizuia ndicho kilichoniponya nusu.

Bandeji ilipofunguliwa niliona rangi ya buluu. Hata umbo halikuwepo, ni buluu tu, kali, kama mtu amenimwagia. Ilikuwa sweta ya mwuguzi. Baadaye, wakati jicho la pili lilipokuwa limepona nalo, nikapewa miwani yangu mizito, na ulimwengu ukarukia usoni. Kila kitu kilikuwa kikubwa na karibu mno. Nilimimina chai kando ya kikombe kwa majuma. Niliinua mguu kupanda ngazi ambayo haikuwapo. Ukinunua subira sokoni, weka akiba kwa wakati ule, maana watu watadhani umepona kumbe unajifunza upya kama mtoto.

Kisembo alikuja kunichukua, amembeba Asimwe. Sikumtambua binti yangu. Alikuwa amekuwa mtoto mrefu, mwenye paji la uso la mama. Alifumba macho aliponiona ninamkaribia na ile miwani.

"Fungua," nikamwambia. "Sikuangalii macho. Nakuangalia weye."

Akafungua. Nikaangalia macho pia, Mungu anisamehe. Yalikuwa meusi, safi, na ninapoandika haya, akiwa darasa la tano, bado ni safi. Hatujui sarafu yake iko upande gani. Tunajua njia ya kwenda hospitali.

Kisembo nilimrudia, maana aliomba, na aliomba mbele ya Mugisa na mbele ya mama yake. Nusu alishaijua, sasa alijua pia kwamba nusu ile ina mlango wa kutokea. Tulizaa tena, mtoto wa kiume. Mama mkwe hakuomba radhi hata leo. Macho yake mwenyewe yalianza kuzibwa, ya uzee tu, nami ndiye niliyempeleka hospitali na kumlisha uji. Msidhani ni wema. Nilitaka alale chali kati ya mifuko ile ya mchanga na afikiri.

Dokta wa Damu alirudi kiangazi kilichofuata kile cha kupasuliwa kwangu.

Alipeleka habari kwamba anataka watu wote wakusanyike Bogoro kama mwanzo, hasa watoto waliozaliwa nyuma yake. Nilikwenda. Alishuka garini, akaniona, akaona miwani. Uso wake ulianguka. Niliuona vizuri sana ukianguka, maana macho yangu yalikuwa mapya.

"Ah, madamu," akasema. "Umepasuliwa. Ungeningoja kidogo."

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya Kifaransa njia nzima. Yote yalinitoka. Nikauliza jambo moja, "Ulijua kwamba hutolewa?"

"Bila shaka. Lakini sura ya ule ukungu hutofautiana kati ya ukoo na ukoo. Ukishatolewa, haiwezekani tena kujua ulikuwa wa namna gani. Na kuwajua wagonjwa kwa hakika ndio msingi wa hesabu yote."

"Na hesabu imesema nini?"

Alitazama chini. Akaeleza kwamba kwao Ulaya kuna jamaa moja iliyoonekana na ugonjwa kama wetu, ukisafiri pamoja na alama fulani ya damu. Alitaka kujua kama kwetu ni hivyo hivyo. Lakini huku kwetu, kwa alama ile, karibu watu wote ni sawa. Wagonjwa sawa, wazima sawa. Hakuna wa kumlinganisha na mwenziwe.

Nilimtafsiria Mugisa na wengine kwa mfano wake mwenyewe. "Anasema watu wote wa Bogoro wako ndani ya lori lile lile. Kwa hiyo hawezi kujua nani jirani ya nani."

"Alijua hiyo wakati gani?" Mugisa akauliza.

Nikamwuliza. Akajibu kwamba alijua mapema, katika chupa za kwanza za damu. Ila alikuwa na alama nyingine za kujaribu, na kazi ni nyingi, na barua za kuja huku hupotea.

"Mama yangu alikufa," nikasema. "Alikuwa mweusi kwenye mchoro wako, duara la juu yangu. Alisema tukuambie alikungoja. Alisema hakukubali mtu ayaguse."

Yule mwuguzi, ambaye hakuhitajika kutafsiri, aliondoka akaenda kusimama nyuma ya gari.

Dokta alisema pole. Nadhani aliisema kwa kweli. Kisha, na hapa ndipo hasira yangu hupanda kila ninapokumbuka, akafungua sanduku la sindano. Alikuwa amekuja kwa kazi, na kazi ilikuwa bado.

Mugisa alitaka kumfukuza. Vijana wengine walikuwa wamekwisha simama. Mimi nikasema hapana, akae. Nilimwambia Dokta: kuna watu wanne hapa wasioona, mjomba wangu, mama mdogo mmoja, na watoto wawili wa dada yangu. Gari lako ni kubwa. Wapeleke kwanza kwenye misioni, wapasuliwe, uwarudishe. Siku watakapoteremka hapa wakituona, tutakupa damu ya mikono yote miwili.

"Hiyo si kazi yangu," akasema. "Na nikifanya hivyo, ninapoteza wagonjwa wanne kwenye uchunguzi."

Sikuhitaji kutafsiri. Sijui mjomba Byaruhanga alielewa kwa neno gani. Alikuwa wa kwanza kwenye mstari, kama mara ile, shati limekunjwa mpaka begani. Akaanza kulikunjua, polepole, akiipapasa mikunjo. Akafunga kifungo cha mkononi. Nyuma yake mama mdogo akateremsha kitenge chake juu ya mkono. Kisha wa nyuma yake, na wa nyuma yake, mpaka watoto, ambao walifurahi kwa sababu hawachomwi.

Dokta alisimama na sindano zake. Jua lilikuwa kali. Hakuna aliyempa maziwa.

Akawapeleka. Si siku ile, alirudi kwanza Bunia, tukadhani ndiyo basi. Lakini wiki ile ile gari lilikuja, nikapanda pamoja nao, maana singeweza kumwachia tena watu wangu. Hospitalini, yule daktari mwanamke alimkaribisha ofisini kwake, akafunga mlango, nasi tulibaki kwenye benchi tukisikia Kifaransa kinapanda na kushuka.

Nilikuwapo walipomfungua mjomba bandeji. Dokta naye alikuwapo, amesimama miguuni mwa kitanda. Sijui alikuja kwa sababu gani. Mwuguzi alimshikia mjomba miwani ya kujaribia. Mjomba aliangalia mikono yake mwenyewe kwanza, kwa muda mrefu, akiigeuza. Kisha akaangalia ukuta. Akaniangalia mimi, akacheka, akasema nina uso wa mama yangu alivyokuwa kijana. Mwisho akainua uso, akamwona yule mtu mweupe.

"Huyu ni nani?"

"Ni Dokta, mujomba. Dokta wa damu."

Mjomba alimkazia macho yale makubwa ya miwani. Alimtazama tangu nywele mpaka viatu, bila haraka, kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Kumbe ni kijana," akasema. "Kwa sauti nilifikiri ni muzee, ana haraka juu kifo iko karibu. Kumbe alikuwa na wakati mingi."

Dokta aliniuliza mzee amesema nini. Nilimtafsiria neno kwa neno.